Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nyaraka na Tovuti za Chuo Ambazo Kila Mtu Anaweza Kuzisoma

Ukurasa huu umetokana na maswali ambayo wahadhiri, makatibu wa idara, wasimamizi wa kurasa za vitivo na wanafunzi hutuletea sisi wa kitengo cha ufikivu cha chuo kwa simu, kwa barua pepe, na mara nyingi kwenye korido tukikimbilia chakula cha mchana. Tumeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye lingine. Si lazima uyasome yote. Tafuta linalokusumbua leo.

## Ya mwanzo

1. Mnaposema "ufikivu" mnamaanisha nini hasa?

Tunamaanisha kwamba mtu anaweza kuupata waraka au ukurasa, kuusoma na kuutumia bila kumwomba mwenzake amsomee. Mtu huyo huenda haoni kabisa. Huenda ana uoni hafifu na anakuza maandishi mara nne. Huenda ni kiziwi, au hawezi kushika mausi, au herufi humchezea machoni anaposoma. Huenda pia ni yule aliyevunjika mkono kwa ajali ya boda wiki mbili kabla ya mitihani, na sasa kibodi anaigusa kwa vidole vya mkono mmoja.

Wengi wakisikia ulemavu hufikiria ngazi na rampu. Rampu tunazitaka, na bado hazitoshi. Lakini siku hizi mlango wa chuo ni tovuti: humo ndimo unamoombea nafasi, unamojisajili, unamotengeneza PRN (namba ya malipo) ya kulipia ada, unamopakua noti na kuangalia matokeo. Mlango huo ukikufungia nje, rampu ya jengo la utawala haina la kukusaidia.

2. Mwanafunzi asiyeona anasomaje faili la kompyuta?

Anatumia kisoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini au kukipeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Kwenye Windows wanafunzi wetu wengi hutumia NVDA, ambayo ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni. Ipo pia JAWS, ambayo hununuliwa na bei yake si ya mwanafunzi. Simu za Android zina TalkBack, na iPhone zina VoiceOver, zote zikiwa ndani ya simu tayari.

Jambo ambalo wahadhiri hawalijui ni kwamba mzoefu hasikilizi waraka neno kwa neno kutoka juu hadi chini. Kwenye NVDA anabonyeza H anarukia kichwa kinachofuata, K anakwenda kwenye kiungo, T anakwenda kwenye jedwali. Sauti ameiongeza kasi hadi wewe unasikia mlio wa nyuki tu. Anapitia waraka kwa haraka kama unavyopitia gazeti kwa macho, ila kwa sharti moja: uwe umeweka vichwa, viungo na majedwali halisi. Usipoviweka, atalazimika kusikiliza kurasa 40 mfululizo akitafuta aya moja.

3. Darasani kwangu hakuna asiyeona. Kwa nini nijisumbue?

Una uhakika? Uoni hafifu hauonekani usoni, ugumu wa kusoma hauonekani kabisa, na wanafunzi wengi hawasemi (tazama swali la 20). Halafu noti zako hazikai darasani kwako. Zinarithiwa na darasa la mwaka ujao, zinapigwa fotokopi Wandegeya, hapa Kampala, zinasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ambayo wewe humo.

Na ukitaka sababu ya mfukoni, hii hapa. Noti za kurasa 20 zilizoskaniwa kwa rangi zinaweza kufika megabaiti makumi. Noti zilezile zikihifadhiwa kama maandishi mara nyingi hazifiki hata megabaiti moja. Mwanafunzi anayenunua bando la siku anaijua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi tulio kwenye mtandao wa ofisi. Faili la maandishi linatafutika, linanakiliwa, na linafunguka kwenye simu ndogo. Kwa hiyo hata anayeona vizuri anafaidika.

4. Nina saa moja tu. Nianze wapi?

Acha kutuma picha za maandishi. Ukifanya hilo peke yake umeshaondoa zaidi ya nusu ya malalamiko tunayopokea. Ukibakiwa na dakika, weka vichwa halisi kwenye muhtasari wa somo, kwa sababu ndio waraka unaofunguliwa mara nyingi kuliko mwingine wowote katika muhula.

## Nyaraka za Word, PDF na slaidi

5. Kwa nini mnakataa PDF yangu? Si PDF ni PDF?

Kuna PDF mbili zenye sura moja. Ya kwanza imetoka kwenye Word au programu nyingine ya kuandikia, na ndani yake kuna herufi. Ya pili imetoka kwenye skana, au kwenye kamera ya simu, na ndani yake kuna picha ya karatasi. Wewe unaona maneno kwa sababu una macho. Kompyuta inaona madoa meusi kwenye uwanja mweupe. Kisoma skrini kikilifungua faili hilo humwambia msomaji kwamba hati ni tupu. Tumewahi kumpigia mhadhiri simu kumweleza hivyo akajibu, kwa uungwana kabisa, "Lakini ndugu yangu, kurasa 34 ziko hapa mbele yangu."

Jipime hivi: fungua faili, jaribu kuchagua neno moja kwa mausi, kisha tafuta neno hilo kwa Ctrl+F. Neno likichagulika na likapatikana, kuna maandishi. Ukurasa mzima ukigeuka bluu kama kipande kimoja, au usipate kitu, hiyo ni picha.

Dawa rahisi ni kurudi kwenye faili la awali la Word na kulihifadhi upya kama PDF. Tumia njia ya kuhifadhi au kusafirisha, usipitie kwenye amri ya kuchapa, kwa sababu kuchapa kwenda PDF hutupa mpangilio wa vichwa na majedwali hata kama herufi zinabaki. Kwenye LibreOffice hakikisha umeweka alama kwenye kisanduku cha PDF yenye tagi, yaani alama za mpangilio. Faili la awali likiwa limepotea, soma swali la 11.

6. Vichwa vyangu nimevikoleza na kuviongezea ukubwa. Kuna tofauti gani na hiyo "Heading 1"?

Kwa jicho, hakuna. Kwa kisoma skrini, tofauti ni kubwa: maandishi yaliyokolezwa ni maandishi tu, lakini kichwa kilichowekwa kwa mtindo wa Heading kinatambulika, kinarukiwa kwa kitufe kimoja, na kinajipanga chenyewe kwenye yaliyomo. Weka kishale kwenye mstari wa kichwa, bonyeza Ctrl+Alt+1 kwa kichwa kikuu, Ctrl+Alt+2 kwa kichwa kidogo. Sura usiyoipenda, ile rangi ya bluu ambayo kila mtu anailalamikia, unaibadilisha mara moja kwenye mtindo na vichwa vyote vinafuata.

Mpangilio uwe wa ngazi: usitoke 1 ukaenda 4 kwa kuwa 4 ina herufi unazozipenda. Hali kadhalika orodha: tumia kitufe cha orodha, usichape vistari kwa mkono.

7. Maandishi mbadala ya picha niandike nini?

Andika kile ambacho ungemwambia mwenzako kwenye simu ili aendelee na somo bila kuiona picha. Mfano, una ramani kwenye somo la jiografia. "Ramani" haisaidii. "Picha ya ramani nzuri ya Uganda yenye rangi za kijani na bluu" inachosha na bado haisaidii. "Ramani ya Nile: unatoka Ziwa Viktoria karibu na Jinja, unaelekea kaskazini hadi Ziwa Kyoga" inatosha, kwa sababu hilo ndilo ulilotaka mwanafunzi alione.

Picha ile ile hubadilisha maelezo kulingana na kazi yake. Ramani hiyo ikiwa kwenye somo la samaki, unayoyataja ni mengine. Kwa hiyo maandishi mbadala huyaandika mwenye somo. Katibu hawezi kukisia, na zile programu zinazojaza zenyewe hupenda kusema "picha inaweza kuwa na maji".

Sentensi moja au mbili zinatosha. Mchoro mzito, kama grafu yenye mistari mitano, weka muhtasari kwenye maandishi mbadala halafu data yenyewe kwenye jedwali chini yake. Urembo mtupu, mistari ya kugawa ukurasa na mapambo ya pembeni, uweke alama kwamba ni pambo ili kisoma skrini kiruke. Na nembo ya chuo kwenye kila slaidi? Mara moja, slaidi ya kwanza.

8. Ratiba ya vipindi ni jedwali kubwa. Inawezekana kweli?

Inawezekana, ila si kwa ule mtindo wetu wa kuunganisha seli. Kisoma skrini hutembea seli kwa seli, na kwenye kila seli hutaja kichwa cha safu yake: "Jumatano, saa 4 asubuhi, Fizikia, chumba namba 2." Ukiunganisha seli tatu kwa sababu kipindi ni cha saa tatu, hesabu inavurugika na mtu anaweza kusomewa kipindi cha Alhamisi akidhani ni cha Jumatano.

Ushauri wetu, ambao kamati ya ratiba haikuupenda mwanzoni: geuza ratiba kuwa orodha ndefu yenye safu tano, yaani siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, somo, chumba. Kila kipindi mstari wake. Ina kurasa nyingi zaidi, haipendezi ukutani, lakini inachujwa, inatafutika na inasomeka kwenye simu. Jedwali la ukutani liendelee kuwepo ukutani.

Weka alama kwamba mstari wa kwanza ni kichwa cha jedwali. Usitumie jedwali kupanga picha na maandishi kando kwa kando.

9. Na slaidi za PowerPoint?

Tumia mipangilio iliyomo kwenye programu badala ya kuchora visanduku vyako, kwa sababu visanduku vya kuchora husomwa kwa mpangilio uliovichora, si ule unaoonekana. Kila slaidi iwe na jina lake. Slaidi sita zote zikiitwa "Inaendelea" ni sawa na kutokuwa na jina. Mengine ni kama maswali ya 7 na 10.

10. Rangi zina tatizo gani? Nyekundu si inaonekana na kila mtu?

Haionekani na kila mtu. Wapo wanaume, na wanawake wachache, ambao nyekundu na kijani kwao ni ndugu. Na kisoma skrini hakitaji rangi kwa kawaida. Kwa hiyo "kazi zilizoandikwa kwa nyekundu ni za lazima" ni sentensi isiyo na maana kwa baadhi ya wanafunzi wako. Andika neno "lazima" pembeni ya kazi. Nyekundu yako ibaki kama unaipenda.

La pili ni tofauti kati ya maandishi na mandhari yake. Kiwango cha kimataifa ni uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa, yaani pointi 18, au pointi 14 yaliyokolezwa. Zipo tovuti za bure zinazopima ukiingiza rangi mbili. Kijivu hafifu kwenye nyeupe huanguka, njano kwenye nyeupe huanguka vibaya zaidi. Wabunifu wa mabango wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, wanaweza kukubishia, lakini bango lao linatazamwa juani na lina herufi za ukubwa wa sahani.

11. Nina kitabu cha zamani au noti za taipu tu. Nifanyeje?

Zipitishe kwenye programu inayotambua herufi ndani ya picha. Ukipandisha skani kwenye Google Drive na kuifungua kama hati, itakupa maandishi. Tesseract ni ya bure na ina Kiswahili. Matokeo hutegemea skani: karatasi iliyonyooka, mwanga wa kutosha, kurasa mbili zisibanwe pamoja. Fotokopi ya fotokopi ya fotokopi haina wa kuiokoa. Hiyo ipigwe chapa upya.

Lazima mtu asome matokeo kabla hayajatumwa. Tumeona "moja" ikageuka "rnoja" katika sura nzima, na tarakimu ndizo hatari zaidi, maana 3 na 8 zikibadilishana hakuna kikagua tahajia kitakachokuonya.

Kuhusu hakimiliki: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Uganda imejiunga nao, unahusu hasa kutengeneza nakala zinazosomeka kwa wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa za kawaida. Nakala hiyo ni ya mhusika. Si ya kumwagwa kwenye kundi la darasa zima. Maktaba ndiyo inayoshughulikia maombi haya, waone kabla hujaskani kitabu kizima mwenyewe.

12. Waraka wangu wa Kiswahili unasomwa kwa matamshi ya ajabu. Kosa ni la nani?

Huenda ni lako, bila kujua. Word za ofisini zimewekwa Kiingereza, kwa hiyo kila unachoandika kinabandikwa alama ya Kiingereza. Sauti ya Kiingereza ikikutana na "wanafunzi wanaotarajiwa kuhitimu" inatoa kitu ambacho hata aliyekiandika hawezi kukitambua. Chagua maandishi yote, nenda kwenye mpangilio wa lugha ya uhakiki, weka Kiswahili. Aya ya Kiingereza katikati iwekwe Kiingereza. NVDA huja na sauti ya Kiswahili, ya kiroboti lakini inaeleweka, na hubadilisha lugha yenyewe ikikuta alama sahihi. Kwenye kurasa za tovuti alama ni lang yenye thamani sw; kwa Luganda ni lg.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na sisi tumeanza kutoa matangazo kwa lugha mbili. Yakiwa mawili kwenye ukurasa mmoja bila alama, moja kati ya hayo litasomwa ovyo.

## WhatsApp, mihuri na matangazo

13. Tangazo lina saini na muhuri. Nisipolipiga picha, nani ataamini?

Hili ndilo swali letu la kila wiki, na tunalielewa. Tangazo lisilo na muhuri kwenye kundi la wanafunzi huchukuliwa kuwa uvumi. Kwa hiyo hatusemi usitume picha. Tunasema usitume picha peke yake.

Nilikuwa katika kundi moja, idara siitaji, saa 1 usiku ikaingia picha ya karatasi: mtihani wa kesho umehamishwa jengo. Karatasi imepigwa picha kwa pembeni, kivuli cha kichwa cha mpigaji kimeangukia mstari wa pili. Chini yake katibu ameandika, "Tafadhali zingatieni." Watu 140 wakaweka dole gumba. Mwanafunzi mmoja akaandika, "Samahani, inasemaje?" Ujumbe wake ukafunikwa na madole gumba mengine. Asubuhi alikuwa amekaa kwenye jengo la zamani, peke yake, na fimbo yake, na aliyempitia ni mfagiaji.

Kilichokosekana ni mistari miwili. Chini ya picha andika: "Mtihani wa Uchumi mwaka wa 2, kesho Jumanne saa 3 asubuhi, umehamia ukumbi mkubwa wa Jengo C. Tangazo lenye muhuri limeambatishwa." Umemaliza. Hata wenye macho watakushukuru, kwa sababu hawatalazimika kuikuza ile picha mpaka herufi ziwe ukungu.

Kama idara yako hutuma matangazo mengi, weka tangazo kamili kwenye tovuti kama maandishi na utume kiungo. Anayetilia shaka ataamini anwani ya chuo kuliko muhuri, ambao siku hizi unatengenezwa kwa simu.

## Tovuti na fomu

14. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Naweza kuukagua ukurasa wa idara yangu?

Unaweza, na dakika 10 zinatosha kukuta makosa mengi. Weka mausi pembeni. Bonyeza Tab mara nyingi: je, unaona mahali ulipo kila unapobonyeza? Je, unaweza kufungua menyu na kutoka? Ukipotea, mtu asiyetumia mausi hupotea hivyo hivyo. Kisha kuza ukurasa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka asilimia 200, halafu 400. Maandishi yakijipanga upya ni vizuri. Ukilazimika kuvuta kushoto na kulia ili usome mstari mmoja, kuna tatizo.

Soma viungo peke yake. "Bonyeza hapa" nane kwenye ukurasa mmoja ni milango minane isiyo na jina, maana kisoma skrini kinaweza kuorodhesha viungo vyote bila maneno yanayovizunguka. Andika "Pakua fomu ya kuahirisha masomo, PDF". Mwisho washa TalkBack kwenye simu yako na ujaribu kutafuta tarehe ya kufungua muhula. Jifunze kwanza jinsi ya kuizima. Tunasema hivi kwa uchungu.

15. Fomu zetu zina shida gani?

Kubwa kuliko zote ni visanduku visivyo na majina. Mbunifu ameandika "Namba ya usajili" juu ya kisanduku lakini hakuunganisha maneno hayo na kisanduku chenyewe, kwa hiyo kisoma skrini husema "sehemu ya kuandika" mara 12. Vitufe vya picha navyo: kwenye mfumo mmoja tuliowahi kuujaribu, kitufe cha kutengeneza PRN kilisomeka "kitufe", basi, na cha kufuta ombi pia kilisomeka "kitufe". Mwanafunzi achague kwa bahati.

Kisha kuna muda wa kuingia unaokwisha bila onyo, ujumbe wa kosa unaoonyeshwa kwa mpaka mwekundu tu, na mafumbo ya kuchagua picha zenye taa za barabarani. Hayo yote yana suluhisho: onyo kabla ya muda kwisha na nafasi ya kuongeza, kosa lielezwe kwa maneno kando ya kisanduku husika, na fumbo liwe na njia mbadala isiyo ya picha.

16. Kampuni imetuambia kuna kitufe kimoja tunaweka kwenye tovuti, kila kitu kinarekebishika. Kweli?

Hapana. Kitufe hicho kinaweza kukuza herufi au kubadili rangi, mambo ambayo kivinjari na simu ya msomaji vinayafanya tayari. Hakiwezi kujua grafu yako inamaanisha nini, wala kuipa jina fomu isiyo na majina kwa uhakika. Wasioona wengi hulalamika kwamba kitufe hicho hugongana na visoma skrini vyao. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliibana kampuni moja inayouza kitu cha aina hii ilipe dola milioni 1 kwa madai ya kupotosha kuhusu uwezo wake. Pesa hizo ni bora ulipe wanafunzi wawili watumiaji wa NVDA wakukagulie tovuti kila muhula.

17. WCAG ni nini?

Ni mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti unaotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Toleo la 2.0 lilitoka 2008, la 2.1 likatoka 2018, la 2.2 Oktoba 2023. Una ngazi tatu, A, AA na AAA. Vyuo na serikali nyingi hulenga AA, nasi pia. Ukiandika mkataba na mjenzi wa tovuti, taja "WCAG 2.2, ngazi AA" na useme malipo ya mwisho yatatolewa baada ya majaribio. Bila sentensi hiyo ya pili, ya kwanza ni pambo.

## Video na sauti

18. Video za mihadhara zinahitaji nini?

Manukuu yanayokwenda pamoja na sauti. Yale yanayotengenezwa na mashine ni rasimu: anza nayo, kisha uyapitie, hasa majina ya watu na mahali. Tumeona Wandegeya ikiandikwa kwa namna tatu katika dakika moja, zote za kuchekesha. Unapofundisha, soma kwa sauti unachoonyesha. "Hii hapa inapanda, hii inashuka" haimwambii kitu asiyeona; "mstari wa bei unapanda, wa mahitaji unashuka" inawafaa wote.

Manukuu hayachukui nafasi ya mkalimani. Kwa kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Uganda, Kiingereza cha haraka kwenye skrini ni lugha ya pili inayokimbia. Katiba ya Uganda ya 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka serikali kuendeleza lugha ya alama kwa viziwi, na wakalimani wanafunzwa hapahapa Kampala, Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mwombe mkalimani mapema, mpe slaidi siku mbili kabla, na kwenye kurekodi usimkate nje ya fremu.

## Kesi ngumu

19. Ninafundisha hisabati. Milinganyo itasomekaje?

Picha ya mlinganyo haisomeki. Mlinganyo ulioandikwa kwa zana ya Word, ambayo hufunguka kwa Alt na alama ya sawasawa, unasomeka. Kwenye wavuti tumia MathML au MathJax, ambazo huonyesha milinganyo kama maandishi badala ya picha. PDF iliyotoka LaTeX, programu ya kupangia maandishi ya hisabati kwa msimbo, kwa kawaida ni ngumu, lakini usimdharau mwanafunzi: wasioona wengi wanaosoma hisabati husoma msimbo wa LaTeX wenyewe. Mpe faili la tex pamoja na PDF, na umuulize anapendelea lipi.

Ubao je? Taja unachoandika. "Eksi kwa kipeo cha pili, yote chini ya kipeuo" huchukua sekunde tatu.

20. Mwanafunzi hataki ijulikane kwamba ana ulemavu. Namsaidiaje?

Humlazimishi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaziwekea taarifa za afya ulinzi maalumu, na mwanafunzi ana haki ya kukaa kimya. Hapa ndipo faida ya kuandaa nyaraka vizuri tangu mwanzo inapoonekana: hahitaji kuja ofisini kwako kujieleza. Akija, usitangaze darasani kwamba "kwa ajili ya mwenzetu fulani nimetuma faili jingine." Tuma kwa wote.

21. Maandishi mbadala ya mchoro kwenye mtihani hayatakuwa yanatoa jibu?

Yanaweza, ukiwa mzembe. Eleza kinachoonekana, usitafsiri. Swali likiwa "Taja sehemu iliyowekwa herufi B" kwenye mchoro wa moyo, huwezi kuandika jina la sehemu. Andika ilipo, imeungana na nini, ukuta wake ni mnene au mwembamba. Wakati mwingine haiwezekani, na swali lenyewe linapima macho badala ya maarifa. Hapo mbadilishie swali lenye uzito uleule, au tumia mchoro wa kugusa. Uamuzi huo ufanywe wakati wa kutunga mtihani, na mkaguzi wa nje aone matoleo yote mawili.

22. Sheria inatulazimisha, au ni hisani?

Ni wajibu. Katiba ya 1995, ibara ya 35, inatambua haki ya watu wenye ulemavu ya kuheshimiwa na kulindiwa utu wao. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu Septemba 2008. Ibara yake ya 9 inahusu ufikivu, pamoja na wa habari na mawasiliano, na ya 24 inahusu elimu hadi ya juu. Kisha ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, inayokataza ubaguzi katika elimu. Anayewajibika kwanza ni aliyeuandika waraka. Kitengo chetu kinafundisha na kukagua. Hakina watu wa kurekebisha kila faili linalopandishwa kila Ijumaa jioni.

23. Kikagua ufikivu cha Word kinasema hakuna kosa. Nimemaliza?

Umefaulu sehemu ambayo mashine inaweza kusahihisha. Kinajua kama picha ina maandishi mbadala. Hakijui kama umeandika "IMG 2041". Sikiliza ukurasa mmoja kwa NVDA, macho yamefumbwa, kabla ya kupandisha.

24. Nimetumiwa waraka siwezi kuusoma. Nifanye nini?

Mwandikie aliyeutuma, nakala kwa katibu wa idara na kwetu. Huna haja ya kutaja hali yako ya kiafya. Inatosha: "Mwalimu, habari za kazi. Faili la wiki ya 5 ni picha, kisoma skrini hakilisomi. Naomba la Word, au PDF yenye maandishi, kabla ya Alhamisi kwa sababu kazi inakusanywa Ijumaa." Taja jina la faili na tarehe unayoihitaji; maombi yasiyo na tarehe huzama.

Kama linahusu mtihani au usajili, piga simu au uje ofisini siku hiyohiyo, usisubiri barua pepe ijibiwe. Hayo tunayashughulikia kwanza, na likibidi tunakaa na wewe mmoja wetu akusomee huku mwingine akilirekebisha faili. Muda ulioupoteza kwa kosa letu tutauandika kwenye barua kwa mhadhiri wako, ili aamue kukuongezea siku.